Anga la Kuazima: Je, Picha Yaweza Kusema Uwongo?

Ninyi mkaao kando ya ziwa Tanganika, huko Kalemie, Mpala na Moba, mwajua vema jinsi jua linavyochomoza. Latoka ng'ambo, upande wa Tanzania. Kwanza milima ya kule yaonekana myeusi, kisha kingo zake zawaka kama makaa, ndipo jua lajitokeza juu ya migongo ya milima na kumwaga njia ya nuru juu ya maji. Baharini mambo ni mengine. Huko mtu hutazama mbele yake asione mlima wala mti, ila mstari mmoja tu ambapo maji na anga hukutana. Nchi yetu ya Kongo inayo pwani, kilomita 40 hivi, huko Muanda. Lakini pwani hiyo yaelekea magharibi. Pale jua huzama baharini, halichomozi. Basi Mkongo atakaye kuona jua likitoka katika bahari hana budi kwenda mbali, hata bahari ya Hindi.

Leo twataka kufikiri juu ya swali moja: mtu afanye nini, akiwa amekwenda mbali kutafuta jambo jema, na jambo lile likakataa kuonekana? Je, yafaa kulitengeneza kwa hila, ili safari isiwe bure? Ili tusipotee katika maneno matupu, nawasimulia kwanza habari ya mtu mmoja. Jina lake halina kazi hapa.

Ombi la mzee

Katika kijiji kimoja karibu na Moba yuko mzee ambaye miguu yake imechoka. Babu yake alikuwa mpagazi. Katika karne ya 19 misafara ilitoka Ujiji kwenda Bagamoyo, mwendo wa kilomita zaidi ya elfu moja. Watu walichukua pembe za ndovu mabegani, na wengine wengi waliongozwa katika minyororo wakauzwe. Babu yule alifika pwani, akaona, akarudi. Hakurudi na mali. Alirudi na neno moja: "Kule jua latoka ndani ya maji. Nyuma yake hakuna nchi."

Kijijini walimcheka. Walisema kwamba msafiri wa mbali husema apendavyo, kwa sababu hakuna wa kumpinga. Mzee wetu, ambaye siku hizo alikuwa mtoto mdogo, alikisikia kicheko kile, naye alimpenda babu yake. Baadaye watu wa shule walimwambia kwamba ndivyo ilivyo baharini. Lakini hakutosheka, alitaka ushahidi wa mtu wa nyumba yake mwenyewe.

Basi mwanawe alipopata safari ya Dar es Salaam kufuata bidhaa zake bandarini, mzee alimwita akamwambia:

"Mwanangu, ukifika kwenye maji ya chumvi, nenda mpaka Bagamoyo, mahali alipofika babu. Uamke mapema. Unipigie picha ya jua likitoka, nami nione kile ulichokiona wewe."

"Ndiyo, Baba," akajibu mwana. "Nitakuletea."

Tulishike neno lile la mzee: kile ulichokiona wewe. Tutalirudia.

Asubuhi tatu

Mwana alifika Dar es Salaam. Bidhaa zilikuwa bado, hivyo alipata nafasi ya kwenda Bagamoyo, kilomita 70 hivi upande wa kaskazini. Alikuwa na asubuhi tatu tu. Ulikuwa mwezi wa Novemba, wakati wa mvua za vuli.

Asubuhi ya kwanza aliamka saa 10 usiku, akashuka pwani na simu yake ya kupigia picha. Moyoni alikuwa amekwisha kuichora picha yote: mawimbi miguuni, jua jekundu mbele, na njia ya dhahabu katikati. Lakini kulipopambazuka, maji hayakuwapo. Mbele yake palikuwa na mchanga na matope, na bahari ilikuwa imerudi mbali. Akakimbia kuifuata, akazama matopeni hata magotini, akarudi. Kwenye upeo wa macho palikuwa na ukuta wa wingu; jua lilipouvuka lilikuwa limekwisha kuwa jeupe na kali.

Hapa yafaa nieleze, kwa ajili yetu watu wa bara. Maji ya bahari hayatulii mahali pamoja kama tuonavyo ziwani. Mwezi huyavuta, na jua pia huyavuta kidogo. Hivyo bahari hujaa na kupwa mara mbili karibu kila siku: toka kujaa kwa kwanza hata kujaa kwa pili ni saa 12 na dakika 25 hivi. Kwa hiyo kila siku maji huchelewa karibu dakika 50. Mwezi ukiwa mpya, au ukiwa mpevu, nguvu za mwezi na jua huungana, na maji hujaa sana na kupwa sana. Watu wa pwani huita hayo maji ya bamvua. Mwezi ukiwa nusu, maji hayapandi sana wala hayashuki sana. Hayo huitwa maji mafu. Ziwa letu nalo lavutwa na mwezi, lakini ni dogo mno karibu na bahari, hata jicho haliwezi kuona tofauti.

Mwana wa mzee hakuyajua hayo. Alidhani bahari iko pale sikuzote ikimngoja.

Asubuhi ya pili mawingu yalifunika anga lote. Hapakuwa na wekundu wowote. Giza likageuka kijivu, na kijivu kikageuka mchana. Maji nayo yalikuwa bado yanapwa. Kijana akaketi juu ya gogo, amejaa uchungu. Karibu naye palikuwa na jahazi limelala ubavu juu ya mchanga, na fundi mmoja mzee alikuwa akilitia kalafati, yaani akisukuma pamba yenye mafuta katika nafasi za mbao ili maji yasipenye. Kijana akamwamkia kwa heshima. Fundi akauliza:

"Mgeni, wamngoja nani tangu jana?"

"Nalingoja jua, mzee. Na maji."

"Jua limekwisha kutoka," fundi akasema bila kuinua kichwa. "Ni wewe tu hulioni. Na maji yatarudi. Chombo hiki kililetwa hapa juu na maji ya bamvua. Maji ya bamvua yajayo ndiyo yatakayokichukua. Katikati hapa, maji yakiwa mafu, ndipo mimi napata kazi yangu."

"Ni lini maji yatakuwa yamejaa wakati wa jua kutoka?"

"Ngoja juma moja."

"Sina juma moja, mzee."

"Basi chukua kilichopo, baba."

Asubuhi ya tatu mvua ilinyesha tangu usiku. Karibu na saa 12 ikakatika. Mawingu yalikaa juu, mazito, lakini chini yake hewa ilikuwa imeoshwa, na mstari wa bahari ulionekana safi toka mkono wa kushoto hata mkono wa kulia, kama uliochorwa kwa kalamu. Jua halikuonekana. Kijana akapiga picha mbili tatu kwa kutimiza wajibu: mchanga uliolowa, bahari ya kijivu, mstari, mawingu. Kisha akarudi nyumbani mwa wageni kufunga mizigo yake.

Kishawishi

Jioni ile alimwonyesha kijana mwenzake picha zake, akamweleza huzuni yake. Mwenzake akacheka. "Hilo tu?" Akaichukua simu, akafungua programu moja, akagusa mara moja, mara mbili. Mawingu yakatoweka. Mahali pake pakaja anga jekundu lenye jua kubwa lililogusa maji, na maji yenyewe yakapata rangi ya dhahabu. Kwa kweli ilikuwa nzuri kuliko picha zote alizopata kuziona.

"Mtumie baba yako," akasema mwenzake. "Atafurahi. Nani atajua?"

Ndugu wasomaji, tusifanye haraka kumlaumu kijana aliyesema hivi. Alisema kwa wema. Mzee ni mgonjwa wa miguu, hatafika pwani maisha yake yote. Jua kweli hutoka baharini. Picha ile ilionyesha jambo ambalo hutokea siku nyingine nyingi mahali pale pale. Ni ubaya gani basi? Tupime jambo hili neno kwa neno.

Swali la kwanza. Je, kila kutengeneza picha ni uwongo?

Jibu. Hapana. Jicho la mtu na jicho la chombo si sawa. Jicho letu laweza kuona mwanga wa jua na kivuli cha mashua kwa mara moja. Chombo cha picha, kikipima mwanga wa anga, huifanya nchi iwe nyeusi, na kikipima nchi, hulifanya anga liwe jeupe tupu. Mtu akiongeza nuru kidogo ili picha ifanane na kile alichokiona, hakudanganya. Amesaidia chombo kusema kweli.

Mafundi wa kwanza walitaabika sana kwa jambo hili. Mfaransa mmoja, Gustave Le Gray, alipiga picha za bahari katika miaka ya 1856 na 1857. Vioo vya picha vya siku zile vilishika mwanga wa anga upesi kuliko mwanga wa bahari, hata mawingu yakapotea. Kwa hiyo, katika baadhi ya picha zake, alitumia vioo viwili: kimoja cha bahari na kimoja cha mawingu, akaviunganisha katika karatasi moja. Tena imeonekana kwamba mawingu yale yale yamo katika picha zake za bahari mbalimbali. Hilo lilikuwa anga la kuazima.

Swali la pili. Je, Le Gray alikuwa mwongo?

Jibu. Tutazame alichoahidi. Mchoraji akiweka mti mahali pasipo mti, hatumwiti mwongo, kwa maana hakusema, "Mti huu niliuona." Na mtu aunganishaye picha ili kutengeneza kitu cha kupendeza, bila kuapa kwamba ni habari ya saa fulani, afanya kazi ya mchoraji. Uwongo haumo katika mkasi wala katika kioo. Uwongo huingia pale mtu anapotoa kitu kilichotungwa mahali palipoombwa ushahidi. Na mzee wa Moba hakuomba pambo la ukutani. Aliomba ushahidi: "Nione kile ulichokiona wewe." Le Gray hakuwa amefungwa na neno kama hilo. Kijana wetu alikuwa amefungwa nalo, kwa kuwa aliitika, "Ndiyo, Baba."

Swali la tatu. Lakini kama hakuna anayeumia, na mzee anafurahi?

Jibu. Yuko anayeumia, ingawa halii. Mtu anayedanganywa kwa wema hufanywa mtoto mchanga. Twaamua kwa siri kwamba hana nguvu za kupokea ukweli, kisha twampa utamu badala yake. Furaha yake si yake tena. Ni furaha tuliyompikia sisi. Zaidi ya hayo, mzee huyu alikuwa na swali la miaka mingi: je, babu alisema kweli au alitunga? Ni namna gani utamthibitishia mtu kwamba babu yake hakutunga, kwa kumletea kitu kilichotungwa? Kicheko cha kijijini kingekuwa kimeshinda, na mwana mwenyewe ndiye angalikipa ushindi.

Tena yuko wa pili anayeumia: ni yule mwenye kudanganya. Akizoea kubadili kila asubuhi isiyompendeza, mwisho hatakuwa na sababu ya kuamka. Ya nini kukaa pwani katika baridi, ikiwa jua limo tayari mfukoni?

Picha husema zaidi ya mwenye kuipiga

Liko jambo jingine la kufikiri. Kazi iliyo ya kweli huweza kusema mambo ambayo hata mwenye kuifanya hakuyajua. Katika mwaka 1872 mchoraji Claude Monet alichora jua likichomoza katika bandari ya Le Havre, Ufaransa: ukungu, mashua ndogo, na jua jekundu. Picha ile ilionyeshwa Paris mwaka 1874, ikajulikana dunia nzima. Watu walibishana hata juu ya mwaka wake. Katika mwaka 2014 wataalamu waliichunguza upya. Walipima mahali jua liliposimama juu ya maji. Walifikiri jinsi merikebu kubwa zilivyoweza kupita bandarini wakati maji yamejaa tu. Walitazama hesabu za maji kujaa na kupwa, na habari za hali ya hewa ya siku zile, na hata upande moshi ulipoelekea. Wakaona kwamba siku iliyoelekea kuwa ndiyo ni tarehe 13 Novemba 1872, baada ya saa 1 na nusu asubuhi.

Fahamuni vema: Monet hakuwa mpiga picha, naye alikuwa na ruhusa ya kuchora apendavyo. Hata hivyo, kwa kuwa aliliweka jua mahali pake na maji kwa kimo chake, kazi yake iliweza kutoa ushahidi baada ya miaka zaidi ya 140. Kama angaliazima jua la siku nyingine na maji ya bandari nyingine, wachunguzi wasingalipata kitu. Kweli ina mizizi mirefu. Uwongo hukatwa na mahali pake siku ile ile. Ndiyo maana wazee husema: njia ya mwongo ni fupi.

Ilivyokuwa

Turudi Bagamoyo. Kijana alikaa na simu mkononi muda mrefu. Picha zote mbili zilikuwa mbele yake: ile nyekundu na ile ya kijivu. Mwishowe aliifuta ile nyekundu. Akatuma ile ya kijivu pamoja na maneno haya: "Baba, unisamehe. Nimeamka siku tatu. Siku ya kwanza maji yalikuwa mbali, siku ya pili mawingu, siku ya tatu mvua. Jua sikuliona likitoka. Hiki ndicho nilichokiona."

Mzee alipelekewa simu na mjukuu wake. Aliitazama picha akiwa kimya, hata mjukuu akadhani amechukizwa. Kisha akaweka kidole juu ya ule mstari, akakipeleka polepole toka ukingo mmoja hata ukingo wa pili. Akauliza:

"Mjukuu wangu, wewe una macho. Waona mlima wowote hapa ng'ambo?"

"Hapana, babu. Hakuna."

"Hata kidogo?"

"Hata kidogo. Ni maji tu."

"Basi," akasema mzee, "kama hakuna nchi, jua lingetoka wapi isipokuwa majini? Babu hakutunga."

Angalieni, ndugu. Mzee hakuliona jua, lakini alipata jibu lake. Alilipata katika mstari ule uliokuwa safi kwa sababu mvua ilikuwa imeosha hewa. Kijana alidhani mvua ndiyo iliyoharibu kazi yake. Na katika ile picha nyekundu anga lenye jua kubwa lingalivuta macho yote, wala hakuna ambaye angaliweza kusema ni mstari wa bahari gani.

Yatupasayo

Je, asubuhi zile tatu zilipotea bure? Kwa yule aliyetaka kuamrisha, ndiyo, zilipotea. Kwa fundi wa jahazi hazikupotea: maji yaleyale yaliyomkimbia mpiga picha yalimpa yeye nafasi ya kufanya kazi. Bahari haikumkataa mtu. Ilikwenda njia yake, nayo njia ile yaweza kujulikana. Kama kijana angaliuliza mapema, angalijifunza hesabu ya mwezi, na pengine angalichagua juma jingine. Hivyo saburi si kukaa bure. Saburi ni kujifunza desturi ya kitu unachokingoja, kisha kupokea kitakachokuja, hata kikija na sura usiyoipenda.

Nasi tulio mbali na bahari tusidhani ya kwamba habari hii si yetu. Anga la kuazima lapatikana katika kila kijiji. Shahidi asimamaye barazani, akaongeza neno moja ambalo hakulisikia ili kesi ya ndugu yake ipendeze, ameazima anga. Kijana aliyekwenda mjini kutafuta kazi, asipate, akawaandikia wazazi kwamba yote ni mema, ameazima anga; nao wazazi, badala ya kumwita arudi, wauza mbuzi wamfuate na mdogo wake. Mwenye shamba asemaye kwamba mavuno yalikuwa magunia 10, hali yalikuwa 6, naye ameazima. Na mwaka wa njaa watu watamjia kwa hesabu ile ya 10.

Kusema, "Niliamka, nikangoja, na hiki ndicho nilichokiona," ni neno dogo, tena mara nyingi ni neno la aibu. Lakini anayelipokea aweza kusimama juu yake bila kuanguka. Mzee wa Moba ameiweka picha ile ya kijivu katika kitabu chake, imechapwa kwenye karatasi. Wageni wakimtembelea huwaonyesha, nao huuliza, "Jua liko wapi?" Naye huwajibu, "Liko nyuma ya mawingu. Tazameni mstari."